Maneno Aliyoniachia Mzee Halo

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za dada yako, na Mungu akujalie barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu na wale wanangu wawili. Mgongo wako unaendeleaje? Uliondoka hapa umeushika kama kikongwe kwa sababu ya kulala kwenye kile kiti cha sebuleni, na nilikuambia ulale chumbani ukakataa. Sisi huku hatujambo. Shangazi bado anagombana na paka wa jirani, na mpaka leo mshindi ni paka. Mimi nimerudi kwenye cherehani yangu tangu Jumatano. Sare za shule zilikuwa zimerundikana mpaka zinaziba dirisha, na wazazi walishaanza kunisalimia kwa sauti ile ya mtu anayedai chake.

Najua utashangaa kuona barua, tena kutoka kwa mtoto wa mtu wa simu. Ukweli ni kwamba nimekupigia mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza ulipokea, nikaishia kukuuliza habari za mvua. Mara ya pili alipokea wifi, tukaongea kuhusu meno ya yule mtoto mdogo. Mara ya tatu nilikata kabla haijaita. Nina jambo ambalo kwenye simu ningelisema nusu, na nusu nyingine ningeimeza. Kwa hiyo nimekaa kwenye meza ya kukatia vitambaa, nimefunga mlango, nimemwambia Shangazi kichwa kinaniuma. Lakini kwanza nikupe habari za hapa, maana uliondoka siku moja tu baada ya maziko ya Baba, na watu hawakukoma kuja.

Jumatatu walikuja wenzake wa kazini, wale watatu waliobaki: akina mama wawili na yule bwana mrefu waliyekuwa wakimwita Twiga. Walikaa sebuleni kuanzia saa nne mpaka chai ya jioni. Walinieleza mambo ya ile kazi ambayo Baba mwenyewe hakuwahi kutueleza. Walisema swichibodi ya simu ilikuwa na taa ndogo mia moja na ishirini, na kila taa ikiwaka ni mtu anataka mtu. Unachomeka waya hapa, unauliza nambari, unachomeka upande wa pili, unasikiliza mpaka wapokee, kisha unajitoa. Twiga alisema kujitoa ndiko kulikokuwa kazi yenyewe, kwa sababu kuunganisha hata nyani angefundishwa. Baba alikuwa akijitoa mara tu anaposikia halo ya pili. Walimtania kwamba hata mkewe akipigiwa simu asingejua ni nani. Na kweli, Mama alikuwa akipigiwa na dada zake kila Ijumaa, na Baba akirudi anauliza habari zao kama mgeni.

Walicheka sana siku hiyo, na mimi nilicheka nao mpaka nikajisikia vibaya. Unajua jina la Mzee Halo lilitokea wapi? Mimi nilidhani ni kwa sababu ya simu tu. Kumbe siku moja mkuu wao alifiwa, wakaenda wote kumpa pole, na Baba alipofika mbele yake akapatwa na kigugumizi, akamshika mkono, akasema, "Halo, nikusaidie?" Mfiwa akacheka hapo hapo mbele ya msiba. Tangu siku hiyo jina halikumtoka.

Jumanne alikuja bibi mmoja nisiyemjua, amevaa viatu vya mpira, ametembea kutoka upande wa pili wa mji. Hakutaka kiti, alikaa kwenye mkeka na Shangazi. Akasema hakumjua Baba kama mtu wa simu, alimjua kama kijana wa baiskeli, alipokuwa akipeleka telegramu, kabla hata hajamwoa Mama. Siku hiyo Baba alimletea bahasha, kisha badala ya kuondoka akaomba maji ya kunywa. Bibi akaenda kuyaleta, akarudi, akafungua bahasha, akasoma kwamba mumewe amefariki kwenye kazi za mgodi. Alipoanguka, alikuwepo mtu wa kumdaka. Baba alikaa naye mpaka majirani wakaja. Miaka mingi baadaye, bibi yule alikutana na mwanamke mwingine aliyepata telegramu ya namna hiyo, naye akamsimulia kwamba kijana wa baiskeli aliomba maji. Na mwingine tena. Ndipo wakaelewa kwamba hakuwa na kiu.

Miaka yote hiyo tunaishi naye na sikulijua hilo.

Vitu vyake nimeanza kuvipanga. Si vingi. Tai mbili za kazi, miwani tatu ambazo zote hazioni, kitabu cha nambari za simu za mji ambazo nyingi hazipo tena na wenyewe hawapo tena. Unakumbuka ule mfereji kichwani mwake, pale ulipokuwa ukikaa utepe wa vile visikilizio? Alistaafu na mfereji wake. Hata wiki ya mwisho nilipokuwa namchana nywele, kitana kilikuwa kikifika pale kinazama.

Sasa nije kwenye lililonifanya nifunge mlango.

Najua hupendi tuiguse habari ya ile ripoti, na mimi kwa miaka ishirini na miwili nimekuheshimu, sijaigusa. Leo nivumilie. Ulikuwa na miezi minane tu kwenye swichibodi, na Baba ndiye aliyekuombea kazi. Ulibaki kwenye laini siku ile yule mwalimu anampigia mjomba wake kumwambia kwamba ndoa hataki tena. Jioni ukalisema kwa kinyozi, kwa kuchekesha watu tu, nakujua, hukuwa na ubaya. Kesho yake binti wa mfamasia, mchumba wa yule mwalimu, akaambiwa dukani, ameshika sabuni mkononi, kwamba hana harusi. Alikaa ndani mwaka mzima. Baba ndiye aliyeandika ripoti. Mkuu wa ofisi alikupa uisome mwenyewe, ukaona mwandiko, zile herufi zake zilizosimama kama askari. Ukarudi nyumbani, ukachukua begi, na tangu hapo ukawa mtu wa kuja kwa shughuli na kuondoka. Mkawa mnasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni.

Siku ile ya kuondoka, gari likiwa linanguruma, uliniuliza swali. Uliniuliza kama Baba mwishoni alikutaja. Nikasema alikuwa amechoka sana, hakuwa akiongea. Ukatikisa kichwa, ukapanda, hukugeuka nyuma.

Mdogo wangu, nilikudanganya. Alikuwa akiongea vizuri mpaka Alhamisi ile asubuhi, na alikutaja.

Jumanne ya wiki aliyofariki, nilikuwa nimemaliza kumwosha miguu. Ilikuwa imevimba, huwezi kuivalisha hata soksi. Akaniambia nikupigie simu, anataka uje. Hakusema nikusalimie, alisema uje. Na mimi, dada yako, niliona wivu. Miaka minne nilikuwa nikimgeuza kitandani, namlisha kwa kijiko, nafua mashuka yake, cherehani yangu inapata vumbi, na hata siku moja hakuniambia kwamba ananihitaji. Halafu anakutaka wewe. Nikatoka na simu uani, nikasimama karibu na kamba ya nguo, nikahesabu kimoyomoyo mpaka muda ukatosha, nikarudi. Nikamwambia hupatikani.

Hakukasirika. Alisema laini zina siku zake, nijaribu tena baadaye. Saa sita akaniuliza. Nikatoka tena, nikasimama pale pale, nikarudi na maneno yale yale. Simu sikuigusa, mdogo wangu. Mara zote mbili.

Hapo akaniambia nikae, nipokee ujumbe. Alinisimulia polepole, kisha akataka nimrudishie. Nikarudia. Mahali pamoja nilisema "alishindwa kumwambia", akanikatiza.

"Kumfikishia," akasema. "Nimesema kumfikishia. Anza upya."

Nikaanza upya. Alinirudisha mara tatu mpaka akaridhika, ndiyo maana naweza kukuandikia bila kuongeza wala kupunguza. Maneno yake ni haya:

"Mwambie ripoti ile ningeiandika tena, kwa sababu yule binti alistahili kuambiwa na mwenye maneno. Lakini asubuhi ile tulikunywa chai meza moja, karatasi iko mfukoni mwangu, nikanyamaza. Nilimwogopa. Mtu aliyewafikishia watu habari zao maisha yake yote, alishindwa kumfikishia mwanawe habari yake. Kosa hilo ni langu, si lake. Na mwambie alikuwa na sauti nzuri kwenye laini kuliko mimi. Nilipaswa kumwambia wakati ule."

Basi. Ndiyo yote.

Utauliza mbona sikukupigia Jumatano. Nilitaka. Lakini ningekupigia, ungesikia kwamba alikuita tangu jana, na ungejua nilichofanya. Daktari alikuwa amesema tuna wiki kadhaa. Nikajiambia nitapiga kesho, nikishajua namna ya kulisema. Baba alipoamka asubuhi hiyo ya Jumatano akaniuliza kama ujumbe umefika. Nikasema umefika.

"Amesema nini?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Alikuwa ananitazama kwa macho yale yaliyofifia, ameshika ukingo wa shuka. Nikamwambia umesema umesikia, umesema yameisha, na upo njiani.

Akafumba macho. Akasema, "Vizuri sana," kama alivyokuwa akiwaambia watu kwenye simu. Siku nzima ile alikuwa mchangamfu, alikunywa uji wote, alimtania Shangazi kuhusu yule paka. Akaniambia nitandike kitanda cha chumba cha nyuma kwa ajili yako. Nikakitandika. Ndicho kile ulichokataa kulalia, na mimi nilikushukuru kimoyomoyo kwa kukikataa, kwa sababu nisingeweza kukupitia pale asubuhi na kukuangalia.

Alhamisi saa nne alifariki. Nilikuwa nimemshika mkono. Alikuwa akisikiliza magari barabarani.

Sikuandikii ili unisamehe. Nimefikiri sana, na msamaha ni wako, utautoa au utauweka. Ninachoomba ni kwamba ukikasirika, unikasirikie mimi. Yeye usimkasirikie tena. Alikuita. Alikuita mara mbili kwa siku moja, na mtu aliyesimama katikati yenu ni mimi.

Kuna jambo moja zaidi linaloninyima raha, hata kuliko ule uongo wa kwanza. Lile jibu nililompa nililitunga. Nilikutilia maneno mdomoni, na mzee wetu ameondoka nayo. Huenda ungemwambia hivyo hivyo. Huenda ungemtukana. Huenda ungenyamaza, yeye akasikia pumzi yako tu, na hata hiyo ingekuwa halali yake, kwa sababu ingekuwa yako. Kila nikikaa kwenye cherehani najiuliza ungemjibu nini. Nakuomba uniandikie. Usinipunguzie kwa kunionea huruma. Liandike kama ambavyo ungemwambia yeye, nami nitakwenda kumsomea pale alipo, neno kwa neno, hata kama ni neno moja, hata kama ni baya.

Shangazi anagonga mlango, anauliza kichwa kimepoa au bado. Anakusalimu, na anasema wifi amtumie kipimo cha nguo za watoto, mimi nitashona. Nisalimie wanangu na uwabusu kwa niaba yangu, yule mkubwa akikataa umbusu kwa nguvu. Mgongo wako ukandwe kwa maji ya moto. Barua hii nitaipeleka posta mwenyewe kesho asubuhi, nisimtume mtu, nisije nikamwita arudi akiwa njiani.

Wako, kwa mapenzi na kwa aibu,

Dada yako