Kiungulia Kimeanza Kurudi, na Mimi Ndiye Shahidi wa Wodi

Mpendwa mshauri, salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Habari za afya yako, na za wote mnaosaidiana kazi ya kutusikiliza? Sisi hatujambo kwa rehema za Mungu, ila naomba msaada maana nimekwama, na mume wangu naye amechoka, anasema, "Kamwandikie mshauri wa gazetini, mimi masikio yamejaa."

Mimi ni mshona magodoro, na zamani kiungulia kilinitesa mpaka nikawa kichekesho, nawashonea watu magodoro walale raha na mimi mwenyewe nalala nimekaa kitini kama mlinzi, maana nikijilaza tu ile asidi inapanda kooni nakohoa, nikiinama kuvuta uzi inapanda, nikipiga magoti kuomba inapanda, hata sala zangu zikawa fupi, Mungu anisamehe. Dawa zilituliza kidogo tu. Ndipo daktari mmoja wa upasuaji, mtu mpole, akanieleza kwamba mlango wa juu wa tumbo langu umelegea, akanipasua, akauzungushia sehemu ya tumbo lenyewe kama kola ya shati, ukakazika. Mshauri, sijui nishukuru vipi. Nililala chali! Asubuhi mume wangu akanitikisa akidhani nimeaga dunia, kumbe ni usingizi. Miaka zaidi ya kumi nimekula, nimelala, nimeomba mpaka magoti yakachoka yenyewe. Kasoro ni kwamba siwezi kucheua, hewa ikikosa njia ya juu inatafuta ya chini, na wajukuu wameshajua kunikimbia.

Kwa shukrani hiyo, kila daktari akiniita nakwenda wodini kuwapa moyo wanaosubiri kupasuliwa. Wauguzi wamenipa jina, Shahidi. Nasimama nasema, "Jamani, nimepona kabisa, vidonge nilitupa, sijavigusa tena."

Sasa tangu msimu wa mvua uliopita kiungulia kimeanza kunirudia. Si kile cha zamani, hiki kinabisha hodi kwa adabu, lakini kipo. Nimenunua vidonge duka la dawa nikavificha ndani ya gunia la pamba, mume wangu akavikuta. "Mama, unamficha nani? Mungu anaviona, na mimi ndiyo hivyo nimeviona."

Kinachoninyima raha ni mdogo wangu, msusi, anayeinamia vichwa vya watu kutwa, naye ana ugonjwa ule ule. Mimi ndiye niliyemshawishi apasuliwe, na ni wiki ijayo. Juzi kaja kwangu kaniuliza, "Dada, niambie kweli, hakijakurudia hata kidogo?" Nikamwambia, "Kunywa chai, inapoa." Akacheka, "Dada nawe! Nakuuliza tumbo, unanijibu chai."

Nikisema, atakimbia abaki na mateso. Nikinyamaza, atapasuliwa kwa kuamini neno langu. Na daktari ameniomba nije niseme na wagonjwa siku hiyo hiyo mdogo wangu anayolazwa. Nikimwambia daktari kwamba kimerudi, si nitakuwa nimemwaibisha, na neema ya Mungu nimeitemea mate? Tafadhali nijibu mapema, kabla hajalazwa.

Shahidi


Dada Shahidi,

Mimi mzima, asante. Barua yako imenichekesha, kisha imenikasirisha, kwa hiyo vumilia.

Kwanza pole. Pili, nani amekwambia shukrani ni kiapo cha kunyamaza? Mungu alikupa miaka kumi ya usingizi, na kidonge kimoja hakiifuti. Daktari naye hakukuahidi tumbo la chuma.

Kabla ya kukujibu nimemuuliza mtaalamu wa tumbo. Anasema wengi waliopasuliwa hivyo wanakaa vizuri miaka mingi na hawajutii. Lakini si wachache wanaorudia dawa kadiri miaka inavyokwenda, na baadhi hupasuliwa tena. Gesi na kushindwa kucheua, hayo anayajua sana, wala usione aibu. Tena si kila moto kifuani baada ya upasuaji ni asidi iliyorudi, ndiyo maana watu wanapimwa. Wewe umejipima kwa gunia la pamba!

Kwa hiyo nenda kwa daktari wako na vidonge vyako mkononi, umwambie unavimeza tangu lini, akuangalie tumboni kwa kamera ndogo inayopitishwa kooni. Hutamwaibisha. Anayemwaibisha ni mgonjwa anayejificha mpaka mambo yaharibike. Na chakula kikianza kukwama, ukikonda bila sababu, au ukipata choo cheusi, usingoje miadi, nenda siku hiyo hiyo.

Mdogo wako je? Unamwogopea kana kwamba ni mtoto. Ni mtu mzima, tumbo ni lake. Mwambie yote: kitini ulipolala, kulala chali, hewa, wajukuu wanaokimbia, na hivi vidonge. Kisha muulize mwenyewe, "Sasa umeyajua haya, bado utakwenda?" Naye amuulize daktari maswali yake. Akikubali, amekubali kwa akili yake. Akiahirisha, vilevile. Wodini nako, kama utakwenda, uache lile neno "kabisa". Sema umepata nafuu kubwa kwa miaka mingi, na sasa unatumia dawa kidogo. Hapo utakuwa shahidi kweli.

Usisubiri aje tena kwako. Nenda saluni kwake leo hii, mkae nyuma ya pazia, useme. Kisha niandikie upesi, unijulishe mdogo wako ameamua nini na daktari amekuta nini tumboni mwako.

Mshauri wako