Mama Mkwe na Tairi la Nyuma Kushoto

Bi Saleha, mshauri wetu mpendwa,

Naomba msaada, na tafadhali usinicheke, kwani tangu Jumapili mke wangu Kanini hasemi nami, na chanzo ni tairi. Mimi ni karani hapa mjini, nakaa Waithaka, na kila Jumapili nampitia mama mkwe Mutuini twende kanisani, na kwetu Ukambani mtu hakaribiani na mama mkwe wake, kwa hiyo yeye hukaa nyuma kushoto, mbali nami kabisa, hata kwenye kioo simtazami, na mama huyu, Mungu ambariki, ana mwili. Sasa tairi la upande wake limeisha katikati likawa kipara, pembeni bado lina meno, na la kulia ni zima, nami kila Jumamosi nalijaza upepo, ratili kumi zaidi ya mwenzake, ili limbebe, na bado linaisha, hili ni la tatu, basi Jumapili nikamnong'oneza Kanini, nikidhani mama amesinzia, "Ni uzito ya mama inamaliza tairi," Kanini akaruka, "Kwani mama yangu ni gunia ya viazi?" na mama akasema, "Simamisha," akashuka, akaenda kanisani kwa miguu. Nifanyeje, ninunue tairi la lori?

Nzomo, Waithaka

Nzomo mwanangu,

Nimekucheka mpaka nikamwaga chai. Kisha nikamwonea huruma mama wa watu.

Marehemu mume wangu, Mohdhar, alikuwa fundi wa magari, na kwa miaka ishirini nilisikia habari za matairi hata tukila. Tairi lililozidiwa na mzigo huisha pembeni, huku na huku. Lililojazwa upepo kupita kiasi hutoa tumbo, likakanyaga barabara kwa katikati tu. Lako limeisha wapi? Umejishtaki kwa kalamu yako mwenyewe! Aliyemaliza matairi matatu ni wewe na pampu yako. Kuuliza si ujinga, lakini wewe ulimuuliza nani?

Punguza upepo leo. Matairi mawili ya nyuma yawe sawa, kama kitabu cha gari kisemavyo, na upime asubuhi kabla hujaondoka. Kila maili elfu tatu, ya nyuma yaje mbele na ya mbele yaende nyuma. Ukiona moja linaisha upande mmoja tu, mpelekee fundi akague springi na ekseli, usitafute jamaa wa kumlaumu.

Sasa lile kubwa. Mwombe Kanini radhi, na si kwa kunong'ona. Jumapili simamisha gari kwa mama, shuka, tazama chini kama adabu yenu itakavyo, useme, "Mama, mwenye kosa ni mimi." Asipopanda, liache gari hapo hapo, umfuate kwa miguu mpaka kanisani.