Sola ya Mama Mkwe na Finjani ya Ami Ghazi

Mpendwa Shangazi Wafiqa,

Nakuandikia karatasi ikiwa juu ya boneti ya gari la kazi, kwa hiyo mwandiko uusamehe, na nianze kwa kusema alhamdulillah, maana mimi si mtu wa kulialia, nina mke ninayempenda, nina binti wa miezi minne anayeuchekea hata ukuta, nina kazi ya kuuza na kufunga sola majumbani hapa Ajlun na vijiji vyake, na kazi inakwenda, watu wamechoshwa na bili za umeme na wakiona paneli juu ya paa la jirani hawatulii mpaka na wao wapate, basi usidhani nimeshika kalamu kwa sababu nimefukuzwa nyumbani. Bado. Ila kuna jambo nimeliharibu, na anayeumia ni mama mkwe wangu.

Majina nimeyabadilisha, yeye mwite Umm Sakhr. Ni mjane, anakaa kwenye nyumba ya mawe iliyojengwa na baba wa marehemu mumewe, na kifua chake hakitaki tena moshi wa mafuta taa. Baridi ya mwaka jana alikohoa mpaka daktari akamkataza kabisa kuwasha soba ya mafuta, akamwambia apashe nyumba joto kwa umeme, na umeme huo bili yake ingemmaliza. Basi mwezi wa Aprili, mke wangu ana mimba na mimi furaha imenijaa mpaka kooni, nikaenda kwake na karatasi zangu nikamwambia, mama, kabla zeituni hazijavunwa utakuwa unaota jua ndani ya nyumba yako. Akanimiminia kahawa nikanywa, akaleta makmura ya kuku nikala mpaka mkanda ukanibana, akatia saini pale nilipomwonyesha, nikaaga. Sikuuliza mita ya umeme imeandikwa jina la nani. Mtu anamuulizaje mama mkwe habari za mita naye yuko mbele yake anamkatia paja la kuku? Niliona haya, Shangazi.

Na si kwake tu, niseme kweli, ndivyo ninavyouza kila mahali. Naingia sebuleni, nanywa, tunaulizana hali za wazazi, na nikishakunywa ulimi unakuwa mzito, siwezi tena kumuuliza mwenye nyumba kama hati ni yake peke yake au ni ya ndugu saba. Mzee mmoja wa Kufranja nilimpelekea paneli mpaka mlangoni, ndipo akaniambia zile nondo zilizochomoza juu ya paa ni za ghorofa ya kijana wake anayeoa mwakani, na nondo zenyewe mimi nilikuwa nimeziona, lakini paa gani kwetu halina nondo, nikanyamaza, tukapoteza miezi miwili kuchora upya. Bosi wangu anasema hakuna anayeuza kama mimi na hakuna ambaye kazi zake zinachelewa kama zangu, na yote mawili anayasema kwa pumzi moja.

Turudi kwa mama. Karatasi zake zilirudi kutoka ofisi ya umeme mwezi wa Juni. Mita bado ina jina la babu wa mke wangu, mzee aliyefariki miaka kumi na tisa iliyopita, na ili ibadilishwe lazima warithi wote watie saini. Wote wametia isipokuwa mmoja, Ami Ghazi, kaka wa marehemu baba mkwe. Anakaa Anjara, dakika kumi kwa gari, na hajakanyaga nyumba ile kwa miaka mitatu.

Nimezunguka sana, sasa nalisema. Ami Ghazi aliacha kuja kwa sababu ya posa yangu. Siku ile wazee wetu walikaa, finjani ya kahawa ikawekwa mbele ya msemaji wetu, akaomba binti, na kahawa ikabaki pale bila kuguswa, ikisubiri mkubwa wa upande wa binti aseme inyweni, maana neno hilo ndilo ndoa. Baba mkwe alikuwa ameshafariki, kwa hiyo neno lilikuwa la Ami Ghazi. Akapiga simu kwamba tairi limempasukia njiani, tumpe nusu saa. Wazee wote wakakubali kusubiri. Aliyeshindwa kusubiri ni mimi. Jasho lilikuwa linanitoka, nikaona kahawa inapoa na binti ananiponyoka, nikainama nikamnong'oneza mjomba wa mke wangu, ndugu yake Umm Sakhr, nikamwambia, "Sema wewe, mjomba. Ami atasamehe." Akasema, tukanywa. Ami Ghazi alifika ana grisi mikononi akakuta finjani tupu zinakusanywa, akampa kila mtu mkono, akageuza gari. Mpaka leo ukoo mzima unaamini mjomba alijitanguliza mwenyewe, na mjomba wa watu ameibeba lawama yangu, hajasema neno.

Kwa hiyo mama akiniuliza sola imefikia wapi, namjibu ofisi wanachelewesha. Ya saini inayokosekana nimemficha, kwa sababu nikitaja saini nitamtaja Ami, na nikimtaja Ami nitafika kwenye ule mnong'ono. Paneli zenyewe nilimpelekea Julai ili nimtulize, ziko verandani, anaanikia bamia juu yake, na akija mgeni anamwambia, "Mkwe wangu kaniletea meza ghali kuliko zote Ajlun." Juzi kaniangalia akasema, "Uliniambia kabla ya zeituni, mwanangu. Hukusema zeituni za mwaka gani." Alikuwa anacheka. Halafu akasema, bila kucheka, kwamba zeituni zikishakamuliwa anahamia Aqaba kwa dada yake, kule hakuna baridi, na sijui kama atarudi. Mke wangu alikuwa anamtegemea amlelee mtoto ili yeye arudi shuleni kufundisha. Tangu siku hiyo nyumba yangu imepoa.

Fundi mwenzangu ananishauri niziunganishe kimyakimya, karatasi zitafuata. Mwingine anasema saini ni mkwaruzo tu, mtu yeyote anaweza kuikwaruza. Zeituni bado wiki mbili. Nifanye nini, Shangazi?

Muuza Jua, Ajlun

*

Muuza Jua,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikizichekea bamia, ya pili nikitafuta fimbo. Hongera ya mtoto, na heri yako wewe uliyepata mama mkwe anayekusema kwa utani. Wangu alikuwa anasema kwa kunyamaza, Mungu amrehemu, na nilikonda.

Kwanza hao washauri wako wawili. Anayekwambia uunganishe kimyakimya, muulize, fundi wa shirika la umeme akipanda nguzo siku umeme umekatwa, huku paneli zako zikisukuma moto kwenye waya asioujua, mkewe ataelezwa nini. Na anayeona saini ni mkwaruzo mwambie akwaruze ya baba yake. Hao usiwasikilize tena, wala usinirudishie habari zao.

Pili, acha kuwasingizia watu wa ofisi. Ofisi ilikujibu Juni, ikakwambia kinachotakiwa na kiko kwa nani. Tangu Juni mpaka leo anayechelewesha ni wewe, na unachelewesha kwa sababu siku moja ulikuwa na haraka. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, wewe ukaona wanawasema wengine. Nusu saa uliyoikwepa imekula miaka mitatu ya watu kutembeleana na miezi minne ya kifua cha mjane.

Sasa kazi yako, maana naona unaipenda. Mwanangu, wewe umezaliwa kwenye nchi ambayo mtu mwenye haja anaiweka finjani mezani na haigusi mpaka haja yake itimizwe. Mtoto wa miaka saba analijua hilo. Halafu unaingia nyumba za watu una haja kubwa kuliko ya posa, maana hiyo sola itakaa juu ya vichwa vyao miaka ishirini, na unakunywa kwanza! Ukishakunywa umesema umeridhika. Ndiyo maana ulimi unakuwa mzito. Kuanzia kesho, wakikuletea kahawa, iweke chini. Mwenye nyumba atakuuliza una haja gani. Mwambie haja yangu niione bili ya umeme, niione hati ya nyumba, na unipandishe paani. Hatakuona huna adabu, atakuona umelelewa. Kwenye bili soma jina, na likiwa la marehemu, msomeeni dua hapo hapo na mwanze kuwatafuta warithi siku hiyo hiyo. Kule juu ukiona nondo, uliza ghorofa ya nani na anaoa lini. Litazame na tangi la maji la jirani, uulize kivuli chake mwezi wa Januari kinaangukia wapi. Ukishajibiwa, shuka ukanywe kahawa yako kwa raha.

Na tarehe uache kuzigawa kama peremende. Kitu kinachongoja kalamu ya mtu mwingine huna tarehe yake, kwa hiyo sema, nitafunga wiki mbili baada ya saini ya mwisho, na uzifunge kweli. Paneli zisitoke ghalani kabla karatasi hazijapita, bamia zina ungo wake. Na mteja anayesubiri mpigie simu kila Alhamisi hata kama huna jipya. Mtu anavumilia kuchelewa, kufichwa hakuvumiliki.

Tumemaliza ya kazi. Tuje kwenye lililokutoa jasho.

Leo ukitoka kazini pita kwa Umm Sakhr kabla hujafika kwako. Ukae mahali atakapokuona uso. Mweleze saini, kisha mweleze mnong'ono, kwa mpangilio huo, na usimwongezee sababu. Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake, na huenda ikawa ndiyo mara ya kwanza tangu Aprili umemwambia neno lililonyooka. Ukitoka hapo nenda kwa mjomba, umbusu kichwa. Mtu aliyekubebea mzigo miaka mitatu bila kuuliza hahitaji hotuba.

Halafu Ijumaa, baada ya swala, nenda Anjara. Mchukue baba yako na wazee wawili waliokuwepo siku ile, na mjomba akikubali, naye aje. Karatasi ya mita iache ndani ya gari, na mlango wa gari uufunge. Nakusisitizia, kwa sababu nakujua kwa barua moja tu na tayari nakuona umeitia mfukoni. Ami Ghazi atakukaribisha, hata angekuwa na hasira ya miaka thelathini hawezi kumfukuza mgeni mlangoni. Ataleta kahawa. Iweke chini, usiiguse. Atakuuliza una haja gani.

Hapo usiseme sola. Usiseme mita, usiseme saini, wala usimtaje mama mkwe na kifua chake, hiyo nayo ni kumharakisha. Mwambie hivi: "Ami, ni mimi niliyesema usisubiriwe. Nimekuja kumwomba binti wa kaka yako."

Najua umeshamwoa. Yeye pia anajua, na mtoto mnaye wa miezi minne. Mwombe hivyo hivyo. Wewe ulidhani alikasirikia kutosubiriwa tu, kumbe mlimnyang'anya neno ambalo kaka yake asingeweza tena kulisema, na hakuna mwingine duniani aliyebaki wa kulisema kwa niaba yake. Mrudishie. Ya mita atayauliza mwenyewe, maana Ajlun na Anjara ni dakika kumi, na meza ghali ya Umm Sakhr lazima ameshaisikia.

Huenda asikujibu mara moja. Huenda akatazama dirishani, akasimama, akaenda nje kuwatazama kuku wake, akakuacha umekaa na wazee wako na finjani yako mbele yako. Utasikia jasho linaanza. Utatamani kuinama umnong'oneze mtu. Funga mdomo, tazama saa ya ukutani kama ipo, na umpe nusu saa yake. Kahawa ikipoa, iache ipoe.

Shangazi Wafiqa