Memori Haikuingia

Nice mwanangu,

Nimepanda basi la Mwanza kubadilisha memori ya ile kompyuta ya seva. Haiingii kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, mkato wake uko mahali pengine. Na pawa saplai, umeme wake hautoshi diski nne. Maharage yapo jikoni, yapashe tu.

Asubuhi uliponiambia utarudi Burundi na bibi yako, kwenye msafara wa wakimbizi wa kambi ya Lukole, mimi nikaendelea kukuhesabia wati za umeme wa seva. Hukukosea kukasirika. Seva hii nilitaka itunze kazi za shule, ichapishe, ihifadhi na nyimbo za kwaya, tupate kazi ya watu wawili hapahapa Mugoma. Wiki mbili nimekaa nikichagua vifaa vinavyoendana, wewe sikukuuliza hata mara moja kama unataka kubaki.

~~Nisubiri hadi Jumamosi.~~

Mama yako angekuwa hai, yeye ndiye angemsindikiza bibi. Nenda. Msafara ukiondoka kabla sijarudi, ufunguo wa nyumba mwachie jirani, mama Claudia. Bibi haoni vizuri, mshike mkono mkishuka kwenye lori. Chukua blanketi langu, lako limechakaa, na kule milimani kuna baridi. Mimi nina koti.

Baba yako