Yule Anayeanguka Ngazini

Johannesburg, Jumapili mchana

Kwako Yaya Georgette, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kabla ya watu wote wa nyumbani, maana barua hii ni yako peke yako. Watoto wamepona homa? Na shemeji, bado anapanda baiskeli kwenda machimboni Kakontwe na ule mgongo wake? Mwambie avae kitambaa puani, vumbi la chokaa halina huruma na kifua. Mimi napumua, namshukuru Mungu kwa hilo.

Ningetuma ujumbe wa sauti, Mama angeufungulia uani na majirani wote wakasikiliza, unamjua. Ndiyo maana nimeandika, na barua nimempa Mama Régine, yule mwuza viatu wa mtaani kwetu Kikula anayefuata mizigo huku. Soma ukiwa umekaa.

Unajua kazi yangu ilikuwa kulinda magari nje ya maduka makubwa. Jioni vijana wa pale walikuja kuteleza na zile mbao za magurudumu, planshi. Walinicheka nilipoomba kujaribu, mpaka waliponiona nikiteleza. Hawakujua kwamba sisi tulikulia kwenye ubao wenye rulema, beringi za gari bovu, badala ya magurudumu, tukishuka nao mteremko wa Kikula huku Mama akipiga kelele nyuma yetu. Mmoja alinipa planshi yake ya zamani. Nikawa naruka ngazi tatu, nne, na watu wanasimama kuangalia.

Ndivyo alivyoniona bwana mmoja wa matangazo. Alitafuta mtu wa kuruka katika tangazo la soda. Tayari alikuwa na kijana mzuri wa sura, meno meupe, lakini yule akisimama kwenye planshi alitetemeka kama mtoto anayejifunza kutembea. Mimi ningevaa nguo zake na kofia ngumu ya kuficha uso, niruke, halafu uso wake uonekane akinywa.

Bwana yule alipenda kuongea. Aliniambia zamani waliweka kijana wa planshi kwenye tangazo ili wazazi wakasirike na watoto wanunue. Kwa hiyo walimpa nywele ndefu na magoti yenye damu. Baadaye wakamsafisha, hata benki zikamtaka, akavalishwa suti. Siku hizi wanamweka mpaka bibi kizee mwenye mvi juu ya planshi, auze dawa za viungo.

"Hakuna hata mmoja wetu anayeuza planshi," alisema. "Tunauza ile hewa iliyo chini yake."

Nilimkumbuka marehemu Papa wetu, alivyochora yule kijana wa planshi kwenye ukuta wa duka la biskuti, akiiga picha ya pakiti. Hakuwa ameona planshi hata siku moja, akaiwekea magurudumu makubwa kama ya toroli. Nilimsimulia bwana yule nikidhani atafurahi. Alikuwa ameshageukia simu yake.

Siku ya kupiga picha niliruka vizuri, mara nyingi, mpaka miguu ikachoka. Kisha akaamuru ngazi zimwagiwe maji.

Nikamwambia, "Bosi, ngazi zikilowa magurudumu hayashiki."

"Zikiwa kavu hazing'ai," akajibu. "Ruka."

Niliruka, Yaya. Planshi ilitangulia, mimi nikabaki hewani bila kitu chini yangu, halafu mguu wa kulia ukaingia kati ya ngazi na chuma cha kushikia. Niliusikia unavunjika kabla sijaona maumivu. Nikapiga kelele kwa Kiswahili, "Mama, nakufa!" Hakuna aliyekuja. Aliyekuja ni mtu wa kamera, akainama karibu na mguu wangu, na bwana yule akasema nyuma yake, "Usizime, usizime." Mtu mmoja akacheka. Baada yake wakacheka kadhaa.

Walinibeba kwenye gari la vyombo, juu ya nyaya, wakaniacha kwenye lango la zahanati. Msichana aliyekuwa akitunza nguo alishuka pamoja nami. Nilidhani anakuja kunishika mkono. Alipiga magoti akafungua kamba za viatu. "Samahani, kaka, viatu ni vya kampuni," akasema, akavivuta vyote viwili, hata kile cha mguu uliovunjika.

Sikuwa na karatasi za kukaa nchi hii. Zahanati ilinifunga bendeji na kunituma hospitali kubwa, hospitali ikanilaza kwenye kibenchi cha korido, na mguu ukaoza ukiningoja nipate kitanda. Wakaukata chini ya goti.

Nimeandika. Pumzika kidogo, halafu uendelee.

Tangazo lilitoka nikiwa bado wodini. Ile picha ya kuruka hawakuitumia. Mtu mwenye kofia ngumu anaanguka ngazini, mguu unapinda, na yule kijana wa meno meupe anampita akishuka taratibu na chupa mkononi, anacheka. Maandishi yanasema: Wengine wanaanguka. Wewe kunywa. Kelele yangu wameiondoa, wakaweka sauti ya chura.

Najua umeshaiona. Imefika Likasi, imefika kila mahali, watu wameikata wakabakiza kuanguka tu. Siku moja Mama alinitumia, na sauti yake nyuma: "Eh, mutoto wangu, angalia uyu mupumbafu! Tumecheka mpaka mbavu zinauma. Trésor anamuiga hapa uani, anaanguka kama yeye kabisa, anakunja na muguu! Na weye, uko muzuri? Unakula?"

Tangu tumzike Papa sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Niliirudia ile sauti mara nyingi, blanketi likiwa limelala tambarare mahali palipokuwa na mguu. Kisha nikamjibu, "Kweli, Mama, ni mupumbafu. Miye niko muzuri, ninakula."

Nilipopewa magongo nilikwenda kwa wale watu wa matangazo. Nilitaka haki, au hata pole. Msichana wa mapokezi aliponielewa alipiga makofi. "Ni wewe? Wa kuanguka? Njooni, jamani!" Wakatoka kwenye vyumba vyao, wakajipiga picha nami. Mmoja aliniomba nioneshe uso niliofanya wakati ule. Walinipa katoni ya soda, nami niko kwenye magongo mawili, Yaya. Sikujua ningeibeba kwa mkono upi.

Bwana yule alinipeleka ofisini kwake. Akautazama mguu kwa muda mrefu, akafurahi.

"Hii ndiyo wanayoitaka sasa," akasema. "Mlemavu kwenye planshi. Hakati tamaa. Watu wanalia, halafu wananunua."

Utaniuliza kwa nini sikumtemea mate. Nilihitaji nauli ya kurudi nyumbani, na usiku nilikuwa silali kwa mawazo. Nikakubali. Nilifanya mazoezi kwenye mguu mmoja, nikianguka juu ya kidonda ambacho hakijakauka, mpaka nikaweza kusimama juu ya planshi inayokwenda. Walinipiga picha asubuhi nzima. Baadaye msichana wa nguo, yuleyule, akanipigia simu: mguu wangu haukupendeza kwenye kamera, kovu limekaa vibaya. Walimchukua kijana mwenye miguu yote miwili, wakamvisha soksi ya kijani mguu mmoja, kompyuta ikaufuta. Tangazo hilo litakapofika kwenu, Mama atalia, na atasema Mungu ambariki yule mutoto.

Kanisa la Wakongomani limenitafutia nafasi kwenye basi. Nakuja, Yaya. Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Mwambie Mama juu ya mguu kabla hajaniona, umwambie ukiwa umemshika. Sema nilianguka kwenye jengo nikibeba matofali. Yule wa ngazini usimtaje. Akijua, atakaa akihesabu kila alivyocheka, na hakuna padri atakayemwondolea kicheko kile. Wewe nimekuambia kwa sababu nisingeweza kukaa nyumba moja na watu ambao hakuna hata mmoja anayejua.

Nisalimie shemeji na watoto. Nisalimie Tantine Odile wa ng'ambo ya barabara, na yule katekista anayeniombea, mwambie asiache. Mpe Mama mkono wangu, mwambie naja kula bukari, ule ugali wake.

Na mdogo wetu Trésor mpe salamu zake pia. Usimkataze. Najua siku nitakapofika, baada ya machozi ya kwanza, atataka kunichangamsha: atatoa simu, au atajitupa uani na kukunja mguu, na Mama atanitazama aone kama nacheka. Nimeshafanya mazoezi ya hilo, hapa chumbani, mbele ya kioo. Nacheka vizuri.

Mdogo wako,
Floribert