Safu ya Pili

Jumatatu, 3 Machi
Saa kumi na moja jioni kituo chetu cha hapa Same kimefungua matangazo. Wimbo wa taifa. Halafu picha ya mlima Shengena imesimama tu, kwaya inaimba nyuma yake. Dakika kumi na mbili. Kisha filamu ya karate, kaseti imejaa mistari.

Nimeandika zote. Ndiyo kazi yangu, kukaa mbele ya televisheni na saa ya mkononi. Miaka kumi na minne niliita majina ya wakata mkonge, mpaka shamba likauzwa tukapunguzwa. Sasa nahesabu mahudhurio ya vipindi. Wakata mkonge walikuwa na nidhamu zaidi.

Jumatano, 5 Machi
Fomu ya watu wa leseni inanisumbua. Safu tatu: Vya kituo. Vya watengenezaji wa nje. Vinginevyo. Karate zote tunaziweka safu ya pili, kwa kuwa zinatoka nje. Safu ya tatu haijawahi kuandikwa kitu. Na chini kabisa: kituo chenye safu ya pili tupu hakipewi leseni upya.

Serikali itulazimishe kuonyesha filamu za ng'ambo? Juzi tu tulikuwa tunahimizwa kupenda vya kwetu. Nimemuuliza Bwana Eliamini, mwenye kituo. "Mama, sasa ni ruksa," kasema. Halikuniingia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda posta kuwapigia simu watu wa leseni, Dar. Binti aliyepokea: "Nje ya kituo, mama. Siyo nje ya nchi." Yaani mtu mwenye kamera yake, ambaye hatujamwajiri. Nikauliza tena. Akarudia polepole, kama anafundisha chekechea.

Nilicheka mwenyewe hadi karibu na soko. Kisha kicheko kikaisha. Karate zote ni vinginevyo. Safu ya pili haina kitu, na mkaguzi anakuja Ijumaa ya wiki ijayo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemweleza Bwana Eliamini. Akapata dawa: picha ya Shengena. Aliyeipiga ni mpiga picha wa stendi, kwaya ni ya usharika, wote si wa kituo. Niiandike safu ya pili, mwaka mzima.

Nimekasirika. Picha ile tunaiweka wenyewe kujaza muda, si kipindi cha mtu. Mchezo huu naujua. Mtu yuko kilabuni, unaita jina lake, ndugu yake anajibu "yupo". Sikuwahi kumwandikia mtu siku ya namna hiyo, sitamwandikia mlima. Akasema basi nitafute kipindi mwenyewe, la sivyo sote turudi nyumbani. Nimeogopa. Kwa umri huu nani atanipa kazi?

Jumatatu, 10 Machi
Nimepanda mlimani hadi kijiji cha Mamba na lori linalofuata tangawizi. Nilisikia kuna Namsifu, fundi cherehani, anarekodi harusi na kamera aliyoletewa na kaka yake. Alinipa shikamoo, akanipa chai, akaunganisha deki ya video.

Kaseti ya watu wakitengeneza ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Saa tatu, hakukata hata kidogo. Udongo unapita mkono kwa mkono. Babu mmoja anamgombeza Namsifu aweke kamera chini abebe udongo. Chai yangu ilipoa. Nilitaka kuona watakavyoziba tundu la maji, na kama litashika.

Tatizo, wote wanaongea Chasu, Kipare chenyewe, na leseni inataka Kiswahili au Kiingereza. Namsifu kasema atashuka Same aeleze kwa Kiswahili mwenyewe. Ila aliniuliza nani ataangalia watu wanakanda udongo. Nikamwambia, mimi nimeangalia.

Alhamisi, 13 Machi
Tumerusha. Namsifu kwenye maikrofoni, ametulia kuliko fundi mitambo wetu. Dakika ya arobaini na moja umeme ukaenda. Mgao. Haukurudi.

Bwana Eliamini kaninong'oneza niandike saa tatu, kaseti si ipo? Nimeandika arobaini na moja. Namsifu alifunga kaseti yake kwenye kanga. Nilimwonea huruma, na nafsi yangu pia.

Ijumaa, 14 Machi
Mkaguzi alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Akataka kujua kwa nini karate zimehamia safu ya tatu. Bwana Eliamini anafuta jasho. Mficha uchi hazai, nikasema: tulikosea neno, tulidhani nje ni ng'ambo. Mkaguzi akacheka. Kumbe hatuko peke yetu.

Akaweka kidole kwenye ile arobaini na moja. Nikajua tumekwisha. Akauliza, "Sasa lile tundu liliziba?"

Jana alikuwa ametuangalia, gesti. Nikamwambia liliziba. Ametupa miezi sita. Kila wiki safu ya pili iwe na kitu, na atakuja bila kutuarifu.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua kidogo asubuhi. Lori la tangawizi limeleta kaseti, imefungwa kwenye kanga ile ile. Ndani kuna karatasi: anzeni pale umeme ulipokatika.

Saa kumi na moja, wimbo wa taifa. Shengena na kwaya, dakika kumi na mbili, safu ya kwanza. Kisha ule udongo, na yule babu bado anagomba. Umeme haujakatika.

Safu ya pili nimeandika Namsifu, Mamba. Fomu inataka dakika tu, lakini mkono umezoea. Mbele ya jina lake nimeandika: yupo.