Picha ya Shamba la Tokushima

Mama, shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi hii? Mimi siumwi, ila roho imekataa kutulia. Barua hii anakuletea Bi Zuhura, mfanyabiashara wa hapa anayerudi nyumbani, kwa sababu simu yako anaishika Issa na ujumbe wangu anaufuta kabla hujausoma. Tafadhali, mdogo wangu asikuone ukiisoma.

Ni ile safari yake ya Japani. Alinitumia picha aliyopewa na wakala: shamba la milimani katika mkoa wa Tokushima, wafanyakazi wameinama, wengine wameketi kituo cha basi. "Dada, ona watu watulivu, ni kazi tu," aliniandikia. Nikaikuza picha nikiwa kwenye cherehani, hapa La Rochelle, Ufaransa. Mama, miaka kumi na miwili nakata mikono ya mashati. Mkono wa mtu hukunja nguo kiwikoni. Pale hakuna hata mmoja uliokunja. Nikamwita Papa Ngoy, Mkongomani ninayeshona naye. Akaitazama, akasogeza kiti nyuma.

"Eish, dada, bale batu habana mifupa."

Nina mteja Mjapani, mama wa makamo, na kwao ni mkoa huohuo. Alipokuja kuchukua sketi nikamwonyesha. Kijiji akakijua. Akasema vijana walihama, wazee wakafa, shule ikafungwa. Na kila anayeondoka, majirani humshonea mwanasesere wa kimo chake, wakamvisha, wakamkalisha alipozoea kukaa. Wanafanya kwa upendo, akasema. "Lakini mwambie mdogo wako, pale hakuna anayeajiri. Hata duka hakuna."

Sasa Issa anapelekwa wapi? Na mtoto wa seremala jirani yetu, aliyetangulia na wakala huyohuyo, mbona hajampigia hata mama yake? Naogopa, Mama. Nimemwambia Issa yote, akanijibu nina wivu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kwa hiyo Alhamisi, akianza kufunga begi, mwambie nimekufa. Ndiyo, mimi. Najua ni uchuro. Lia, tandika mkeka, waache majirani waje. Maneno yangu hayasikii, lakini matanga yangu hatayakimbia. Msalimie shangazi, na yeye umwambie ukweli, maana ana presha. Baba mdogo msalimie tu, usimwambie kitu, hajui kunyamaza.

Ndege ikishaondoka nitapiga simu. Mwache Issa apokee, anitukane mpaka achoke.

Mwanao, niliye hai,
Mwajuma